Kupanga Dar ukiwa peke yako: nyumba ya namna gani haikupi joto wala upweke?

Binti wa Posta

Habari za humu, wakuu. Nafanya kazi Posta, katikati ya mji, naishi peke yangu kwenye apatimenti Kijitonyama, ghorofa ya nne ambayo ndiyo ya mwisho. Mkataba unaelekea ukingoni na sitaki kuongeza.

Shida ni mbili. Ya kwanza ni joto: chumba cha kulala hakilaliki kabla ya saa sita usiku hata feni ikiwa namba ya mwisho. Ya pili ni upweke. Milango ya korido nzima imefungwa muda wote, majirani nawajua kwa viatu vyao mlangoni tu.

Bajeti ni laki tatu kwa mwezi, nataka chumba na sebule chenye choo cha ndani. Mchumba wangu yuko Dodoma, hivyo kuna wikiendi anakuja na kuna wikiendi naenda mimi. Naomba wanaozijua nyumba za Dar wanisaidie: niangalie nini kabla ya kulipa? Na je, nyumba yenyewe inaweza kumfanya mtu awe mpweke, au tatizo ni mimi?

Fundi Ramani

Dada, tatizo si wewe. Nianze na joto, maana hilo linapimika.

Ghorofa ya mwisho chini ya slabu tupu ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Zege linapigwa na jua kutwa nzima, linaweka joto ndani yake, halafu linaanza kulirudisha chumbani jua likishazama. Ndiyo maana saa nne usiku nje kuna ubaridi na ndani kunawaka. Feni hapo inazungusha hewa ileile ya moto. Kama juu ya slabu kungekuwa na paa la bati lenye nafasi ya kupitisha upepo katikati, hali ingekuwa nyingine kabisa. Kwa hiyo ukienda kuangalia ghorofa, uliza kilichopo juu ya chumba. Akikwambia "juu hakuna mtu, ni kutulivu", ujue unauziwa tanuri.

Kwenye nyumba za chini, uliza silingi. Bati bila silingibodi au jipsamu halikaliki kuanzia saa tano asubuhi. Pima pia urefu wa chumba kwa macho: kutoka sakafuni hadi silingi mita tatu ni nzuri, mbili na nusu ni banio.

Sasa jua. Dar iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana jua liko juu sana karibu mwaka mzima. Juni linaelemea kaskazini, Desemba linaelemea kusini. Dirisha linalotazama kaskazini au kusini likiwa na kofia ya zege ya sentimita 60 juu yake linapata kivuli karibu lote saa za mchana. Upande wa magharibi ni habari tofauti: jua la saa kumi linaingia kwa chini, linapita chini ya kofia yoyote na kupiga ukuta hadi linazama. Ukuta wa tofali za saruji za inchi sita ukishapata moto huo, unautoa taratibu mpaka katikati ya usiku. Kipimo chake hakihitaji kifaa: nenda kuangalia chumba saa kumi au saa kumi na moja jioni, siku ya jua, uweke kiganja ukutani kwa ndani, upande wa kitanda. Ukiona unataka kuondoa mkono, ondoka na wewe.

Upepo wa kusi unatoka kusini-mashariki kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, na kaskazi inatoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Februari. Kwa hiyo chumba cha kulala chenye dirisha la mashariki kinapata upepo misimu yote miwili, na jua lake ni la asubuhi wakati umeshatoka kwenda kazini. Usiku ukuta umeshapoa. Kama utachagua kitu kimoja tu katika haya yote, chagua hicho.

Halafu angalia dirisha lenyewe, si ukubwa wake kwenye picha. Madirisha ya alminiamu ya kusukuma pembeni yanafunguka nusu tu. La mita 1.5 kwa 1.2 lina eneo la mita za mraba 1.8, lakini hewa inapita kwenye 0.9. Ongeza nondo, ongeza wavu wa mbu uliojaa vumbi, kinachobaki ni kidogo sana. Yale ya zamani ya luva, ya vioo vya vipande, yanafunguka karibu yote, na ndiyo siri ya vyumba vingi vya zamani vya Upanga na Ilala kuwa na hewa. Wavu uoshwe kwa maji na sabuni, vumbi la barabarani huziba matundu bila wewe kuona.

Dirisha moja halitoshi. Upepo unataka pa kuingilia na pa kutokea. Nenda na kijiti cha udi, kiwashe, simama katikati ya chumba, fungua dirisha na mlango. Moshi ukilala na kukimbilia upande mmoja, hewa inapita. Ukipanda wima kama kamba, hapo utategemea feni mwaka mzima. Na chungulia nje: ukuta wa jirani au fensi ndefu ikiwa mita moja kutoka dirishani, hata dirisha kubwa halitakusaidia.

Kuhusu upweke. Nyumba ya Kiswahili tunayoijua Ilala, Magomeni, Temeke na iliyobaki Kariakoo ina vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi unaonyooka kutoka mlango wa mbele hadi uani. Mbele kuna baraza. Jiko, choo na bafu viko nyuma, uani. Mtu hawezi kwenda kuoga, kupika wala kuanika bila kupita mahali ambapo watu wengine wako. Salamu zinatokea zenyewe. Baraza nalo liko kimo cha kiti, sentimita 45 hivi, na liko nje ya mlango lakini ndani ya nyumba kwa heshima: mpita njia anaweza kukaa bila kukaribishwa chumbani.

Apatimenti nyingi za sasa zimefuta kila hatua ya hapo katikati. Unatoka barabarani, geti, ngazi, korido yenye giza, mlango wa chuma. Hakuna mahali pa kusimama dakika mbili bila kuonekana unamsubiri mtu. Watu si wabaya, hawana tu pa kukutania. Ndiyo jibu la swali lako la mwisho: ndiyo, ramani ya nyumba inaweza kumtenga mtu.

Si lazima kurudi kwenye chumba cha uani, ingawa. Tafuta jengo lenye mojawapo ya haya: korido ya nje iliyo wazi upande mmoja, yenye upana wa kutosha kuweka kigoda, ngazi pana zenye mwanga wa mchana, sehemu ya pamoja ya kufulia na kuanika, au uwanja mdogo wenye mti. Majengo ya miaka ya 1950 na 1960 ya Upanga yana balkoni zinazotazamana na matofali ya matundu kwenye ngazi, na hayo matundu yanafanya kazi mbili, kupitisha hewa na kukuwezesha kusikia nani anapanda. Ukitaka kuona wazo hilohilo likifanywa kwa ukubwa wa mji, tazama Soko la Kariakoo la msanifu majengo Beda Amuli, la miaka ya 1970: zege lililosimama kama miavuli, kivuli juu, pembeni wazi, maji ya mvua yanashuka kupitia nguzo.

Mwananyamala Kwetu

Mkuu Fundi kamaliza upande wa jengo. Naongeza mambo ya hela na maji.

Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, na wengi wanataka pia pesa ya kukuzungusha kabla hujaona kitu. Kubalianeni mwanzo ni kiasi gani kwa siku, si kwa kila nyumba. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita, wengine mwaka. Usilipe kwa kuoneshwa funguo tu. Onana na mwenye nyumba mwenyewe, muandikishiane mkataba mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, na kila malipo yawe na risiti au muamala wa simu wenye jina lake.

LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ndiyo chanzo kikuu cha ugomvi kwenye nyumba za kuchangia. Mita moja, vyumba sita, mmoja ana taa na feni, mwingine ana friji, pasi na jiko la umeme, halafu mnagawana sawa. Feni ya wati 60 ikiwaka kwa muda wa saa nane inakula karibu nusu uniti. Friji dogo linaweza kula uniti nzima kwa siku. Jiko la sahani moja la wati 1,000 linakula uniti moja kwa saa. Uliza kama kila chumba kina mita ndogo yake. Kama hakina, dai mgawanyo kwa vifaa, na uandikwe kabla hujahamia. Ukishaingia hakuna atakayekusikiliza.

Maji: fungua bomba saa moja asubuhi, si saa sita mchana. Uliza tangi ni la lita ngapi na linahudumia kaya ngapi. Tangi la lita 2,000 kwa kaya nane, maji yakikatika siku mbili mnaanza kununua madumu.

Mafuriko: tazama kuta za nje kwa chini. Rangi iliyovimba na unga mweupe wa chumvi hadi kimo cha goti ni unyevu unaopanda kutoka ardhini. Mstari ulionyooka wa tope kwenye ukuta, nguzo ya umeme au geti ni maji yaliyosimama. Wakati mwingine wanapaka rangi mpya nusu ukuta tu, na hiyo peke yake ni jibu. Bonde la Msimbazi na vijito vyake ni pa kuogopa hata kodi ikiwa nusu.

Na kwa kuwa unafanya kazi Posta: basi la Mwendokasi la Kimara hadi Kivukoni ni rahisi, lakini linapita Jangwani, na mvua kubwa za masika zikijaza bonde pale barabara hufungwa. Ukipanga Magomeni au Manzese, ujue kabisa njia yako ya pili, ya kuzungukia Kinondoni na kuingilia daraja la Salenda au Tanzanite. Ukipanga Ilala au Upanga uko upande wa mjini tayari, Jangwani haikuhusu.

Mjumbe Mstaafu

Mwanangu, umeuliza vizuri. Nyumba inaleta nusu, nusu nyingine inaletwa na kujulikana mtaani, na kujulikana kuna taratibu zake.

Wiki ya kwanza nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukajiandikishe. Chukua kitambulisho na nakala ya mkataba. Muulize mtendaji mjumbe wa eneo lako ni nani, kisha nenda nyumbani kwake jioni, usimpigie simu. Jina, kazi, umetoka wapi, uko na nani. Dakika kumi zinatosha. Siku ukiugua peke yako ndani, huyo ndiye atakayejua mlango upi wa kugonga na ndugu yupi wa kupigiwa.

Genge la mboga liwe moja. Nyanya, vitunguu na mchicha nunua kwa mtu yuleyule, hata kama wa mbele ana nafuu ya shilingi mia. Mwenye genge anakaa pale kuanzia asubuhi hadi saa tatu usiku na anaona kila anayepita. Asipokuona siku mbili ataulizia.

La tatu ndilo kubwa: msiba. Ukiona turubai limefungwa mtaani, usipite kama mgeni. Mchango unaandikwa kwenye daftari, elfu mbili au elfu tano ya mpangaji inapokelewa kwa heshima. Vaa kanga, ingia upande wa akina mama, toa pole kwa wafiwa, kisha uliza kazi ipi imebaki. Kumenya vitunguu, kuchambua mchele, kuosha sufuria. Usikae na simu mkononi. Saa mbili za kazi uani kwenye msiba zinakutambulisha kwa wanawake wa mtaa mzima kuliko mwaka wa salamu za getini. Na siku ya tatu rudi tena hata kwa nusu saa, maana wengi huja siku ya maziko tu.

Mwisho, vikundi. Ukiwa Mkristo kuna jumuiya ndogo ndogo zinazokutana nyumba kwa nyumba kila wiki. Ukiwa Mwislamu kuna darsa za akina mama. Kuna vikoba pia, vya kuweka na kukopeshana, lakini usijiunge mwezi wa kwanza. Mtazame kwanza mweka hazina, daftari linasomwa hadharani au la, na sanduku lina funguo ngapi. Zikiwa tatu kwa watu watatu tofauti, hapo sawa.

Binti wa Posta

Shikamoo mzee, na asanteni sana wote. Nimeandika kila kitu. Maswali mawili yamebaki. Wikiendi mchumba akija, je, kwenye nyumba zenye uani haileti maneno? Na Jumapili nikiwa peke yangu ndiyo siku nzito kuliko zote. Mtu akae wapi mji huu bila kulazimika kununua kitu kila nusu saa?

Dada wa Sinza

Mdogo wangu, hapo kwa mchumba nikujibu mimi, maana kaka zetu hawajaligusa.

Nyumba ya uani ina watu, lakini ina macho pia. Usisifiwe baraza tu bila kuambiwa upande huo. Kinacholeta maneno ni mgeni asiye na jina. Kabla ya kulipa, muulize mwenye nyumba wazi: wageni wa kulala wanaruhusiwa? Geti linafungwa saa ngapi, na nani anabaki na ufunguo? Akisita, tafuta kwingine, usitegemee atazoea. Akikubali, siku mchumba anapokuja kwa mara ya kwanza mpitishe kwanza kwa mama mwenye nyumba na kwa jirani wa mlango wa pili. Asalimie, ataje jina lake na kwao. Akija na kitu kidogo kutoka Dodoma, zabibu zinatosha kabisa. Baada ya hapo ni "shemeji", na shemeji hasemwi.

Kwa laki tatu na choo cha ndani, mimi ningetafuta kati ya vyote viwili: nyumba ya chini ya wapangaji watatu au wanne, kila mmoja na mlango wake, choo chake na mita yake, lakini uani mmoja wa kuanika na bomba moja la nje. Zipo Sinza, Kijitonyama, Mwananyamala na Ilala, nyuma ya nyumba kubwa ya mwenye kiwanja. Viwanja vya Sinza na Kijitonyama vilipimwa miaka ya 1970, kwa hiyo kuna njia za kupita gari na nafasi kati ya nyumba, tofauti na maeneo yaliyojijenga yenyewe. Kasoro yake ni kwamba wenye viwanja wanaongeza vyumba hadi kwenye fensi, ndipo unarudi kwenye dirisha linalotazama ukuta. Kipimo cha udi usikisahau.

Kwa usalama wa mwanamke anayeishi peke yake: badilisha kitasa siku ya kuhamia, mbele ya mwenye nyumba ili asione umemficha. Taa ya nje iwe na swichi ndani kwako. Na pita njia ya kutoka kituoni hadi nyumbani saa tatu usiku kabla hujalipa. Kama hakuna duka, genge wala mama ntilie anayefanya kazi saa hiyo, njia ni tupu hata iwe na lami.

Treni ya SGR, reli ya kisasa, imewasaidia sana watu wa Dodoma. Huduma hadi Dodoma ilianza katikati ya 2024, nauli ya kawaida ikiwa shilingi 31,000, na safari ya haraka inachukua kama saa tatu na nusu. Ijumaa jioni na Jumapili jioni viti huwahi kuisha, kwa hiyo kateni mapema kwenye mtandao, na majina yafanane na kitambulisho. Fika mapema, kuna ukaguzi wa mizigo na milango hufungwa kabla ya treni kuondoka. Treni inaanzia katikati ya mji, hivyo aliyepanga Ilala au Upanga hahitaji zaidi ya bajaji.

Fundi Ramani

Dada wa Sinza yuko sahihi kuhusu macho, na nyumba ya namna hiyo ndiyo ningemchorea mtu mwenye mahitaji haya.

Kuhusu Jumapili, Dar ina sehemu nzuri za kutembea kwa miguu kama utaanza saa kumi, jua likishalegea. Anzia Sanamu ya Askari kwenye makutano ya Samora na Azikiwe, iliyowekwa 1927. Shuka kuelekea bandarini uone Kanisa la Azania Front lenye vigae vyekundu, kisha Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph. Makanisa yote mawili ni ya wakati wa Wajerumani. Mbele kidogo kuna Boma la Kale la 1867 hivi, la Sultani Majid bin Said aliyeanzisha mji huu. Simama karibu na ukuta wake: ni mawe ya matumbawe na chokaa, mnene kuliko ukuta wowote wa sasa. Vyumba vya majengo ya namna hiyo ni vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba dari haziendi zaidi ya hapo. Ukuta mnene unachelewa kupata moto, ndiyo maana ndani kuna baridi bila feni.

Kutoka hapo fuata Kivukoni. Nauli ya kivuko cha Kigamboni kwa mtembea kwa miguu ni ndogo. Panda, simama upande wa bahari, vuka, rudi. Upepo wa saa kumi na mbili katikati ya maji ni bure. Rudi kabla giza halijaingia sana, na simu ikae ndani ya begi kwenye foleni ya kushukia, hapo ndipo vibaka hufanya kazi.

Siku ya mvua nenda Kijiji cha Makumbusho, si mbali na unapokaa sasa. Kuna nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Kiingilio ni cha mara moja, unakaa hadi wafunge. Ingia ndani ya kila nyumba, kaa kimya kidogo, angalia mlango uko wapi na moshi unatokea wapi.

Mnazi Mmoja nayo ina vivuli na watu, hasa Jumapili. Uwanja ule uliachwa wazi na wakoloni kutenganisha mji wa Kizungu na Kihindi na mji wa Waafrika wa Kariakoo. Leo pande zote hukutana hapo.

Mwananyamala Kwetu

Kabla hujasahau, dada: mkataba wa sasa. Toa taarifa kwa maandishi mwezi mmoja kabla au kama mkataba unavyosema, na ubaki na nakala yenye tarehe na sahihi ya mwenye nyumba. Kama kuna miezi imebaki na unataka kumwachia mtu mwingine, mwenye nyumba aandike amekubali, la sivyo anaweza kumdai yule kodi upya. Siku ya kukabidhi piga picha mita ya LUKU, mita ya maji, kuta na choo, wote wawili mkiwepo. Uniti zilizobaki kwenye mita haziondoki na wewe, kwa hiyo wiki ya mwisho nunua kidogo kidogo.

Na ukipata chumba chenye dirisha la mashariki Ilala, usingoje wikiendi kwenda kukiona. Vinachukuliwa siku hiyohiyo.